Chipu bandia zisirudishwe sokoni

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kompyuta za zamani, zile za miaka ya 1980, na naomba nafasi niseme na wanunuzi wenzangu. Hivi karibuni niliagiza mtandaoni chipu 5 za Z80, ile iliyokuwa ubongo wa kompyuta nyingi za wakati huo, za aina ya awali iitwayo NMOS. Kwenye picha zilionekana kuukuu, kila moja na mikwaruzo yake. Zilizonifikia zilimetameta, miguu imepakwa bati upya, na zote zina namba moja: 7531.

Namba hiyo ni tarehe. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo nauziwa chipu ya wiki ya 31 ya mwaka 1975, ilhali Z80 iliingia sokoni mwaka 1976.

Nikachovya pamba kwenye asetoni, nikasugua. Hapa tusichanganye mambo: wino wa maandishi ukifutika, hilo peke yake si ushahidi, maana hata chipu halali nyingi zilipigwa chapa kwa wino. Cha kutazama ni weusi. Pamba yangu ilitoka nyeusi tii, na chini ya rangi ile nikaona michirizi ya msasa, yote imeelekea upande mmoja: maandishi ya awali yalisuguliwa, kisha yakafunikwa kwa rangi. Kile kishimo cha duara kinachoonyesha mguu wa kwanza, ambacho huwa laini ndani, kilikuwa kimejaa rangi.

Kisha nikazipima. Ipo amri moja isiyo rasmi ya Z80, ED 71: chipu ya NMOS hutoa 0, ya CMOS, aina iliyokuja baadaye, hutoa 255. Tatu zilitoa 255. Mbili zilikuwa zimekufa.

Nilipomlalamikia muuzaji, alinijibu, "Si hizo tatu zinafanya kazi?" Zinafanya, ndiyo. Lakini mimi sikununua kitu kinachofanya kazi tu, nilinunua NMOS. Na kwa chipu nyingine uongo wa namna hiyo huunguza. Chipu ya sauti ya kompyuta ya Commodore 64, ile 6581, hutumia volti 12. Ndugu yake 8580 hutumia volti 9. Ukiuziwa 8580 iliyoandikwa 6581, ukaichomeka kwa kuamini maandishi, unaweza kuiua siku hiyo hiyo.

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni ushauri wa fundi mwenzangu: nizifute vizuri, niziuze tena, nirudishe hela yangu. Nasikia wengi hufanya hivyo. Jamani, huyo atakayezinunua ni mtu kama mimi, ana mashine moja aliyoihangaikia miezi kadhaa. Piga picha juu na chini kabla ya kuzigusa, dai hela yako kwa muuzaji muda wa malalamiko haujaisha, na akikataa, ubaki nazo. Zangu zote 5 nimezichora msalaba mwekundu kwa rangi ya mafuta, mgongoni na tumboni.

Fundi wa kompyuta za zamani