Barua ya wiki ya kwanza kutoka Bayreuth

Bayreuth, Ujerumani
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako na wenzetu wote hapo hosteli ya Mabibo. Nilikuahidi barua ya karatasi, na ndiyo hii. Leo nitakutumia picha yake kwenye simu, karatasi yenyewe itafuata kwa posta.

Nilifika Jumapili iliyopita jioni. Dar hadi Addis Ababa, Addis hadi Frankfurt, kisha treni mpaka Nürnberg, na nyingine ndogo iliyopita katikati ya vilima na misitu ya misonobari hadi hapa. Sikujua kwamba huku Jumapili maduka hufungwa kutwa nzima. Ndani ya begi nilikuwa na ubuyu na kilo mbili za sembe aliyonifungia mama, lakini sufuria sina, mwiko sina. Nikaenda kukaa kwenye jiko la pamoja la ghorofa yetu, nimejifunga kanga mbili juu ya sweta. Akaingia binti mmoja kutoka Georgia, akanitazama, akakata mkate na jibini, akanisogezea sahani. Hakuniuliza jina mpaka nilipomaliza kula. Somo, huyo nitamkumbuka maisha yangu yote.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za makaratasi. Ukishahamia chumba unapewa siku 14 kwenda kujiandikisha ofisi ya manispaa, na bila karatasi yao mambo mengine mengi hayaendi. Nimejifunza pia kutotupa chupa za maji: ukinunua unalipa senti 25 zaidi, ukirudisha chupa kwenye mashine dukani unarudishiwa.

Lakini kilichoniumiza ni saa. Nilikuwa na miadi Alhamisi na mratibu wa wanafunzi wa kubadilishana, tupange masomo yangu. Aliniambia kwa Kijerumani, taratibu kabisa, "halb zehn". Halb ni nusu, zehn ni kumi. Mimi nikasema moyoni, kumi na nusu ya kizungu, yaani saa nne na nusu yetu. Nikafika dakika kumi kabla, nimenyoosha nguo, daftari mkononi. Kumbe Mjerumani akisema nusu ya kumi anamaanisha nusu ya kuielekea kumi: saa tatu na nusu! Alikuwa amenisubiri, hakuniona, akaingiza mtu mwingine. Sikupenda hata kidogo kuonekana mtu asiyejali, maana unajua tulivyoihangaikia nafasi hii. Aliponielewa akanipa miadi mingine siku iliyofuata, na safari hii aliniandikia kwenye karatasi: 9:30. Sasa ninayo saa ya aina tatu kichwani, na kila miadi naomba iandikwe kwa tarakimu. Ukipata nafasi ya kuja, anza na hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo la pili ni salamu. Hapo Mabibo huwezi kwenda kuchota maji bila kuitikia watu watano. Huku siku tatu za kwanza nilitembea barabarani na hakuna aliyenisemesha, nikaanza kuamini kuna kitu nimekosea. Kisha Jumatano sikio likaniuma kwa baridi, nikaenda kwa daktari. Nimekaa kwenye chumba cha kusubiri, mzee mmoja akafungua mlango, akawasalimu wote kwa pamoja, na wote wakamwitikia. Aliyefuata vivyo hivyo. Na aliyeondoka akaaga chumba kizima! Kwa hiyo salamu wanazo, somo, ila zinakaa mlangoni kama hodi yetu, barabarani hazitoki. Nilipoitwa na mimi nikawaaga, wakaniitikia. Wazee wa hapa husema "Grüß Gott", Mungu akusalimu. Tangu siku hiyo natembea bila kinyongo.

Ijumaa nilikwenda Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Bayreuth ninakosoma, iliyoanzishwa mwaka 1981 na Ulli Beier, yule aliyefanya kazi miaka mingi na wasanii wa Osogbo, Nigeria. Nimesimama nje nafunga kamba za viatu, nyuma yangu nasikia: "Hujambo, dada? Habari za asubuhi?" Kijana wa Kijerumani, anasoma Kiswahili hapahapa. Nikasema "Sijambo", neno ambalo mimi na wewe hatujaambiana tangu shule ya msingi, na machozi yakanitoka. Ameniambia kila mwaka wataalamu wa Kiswahili hukutana katika mji huu kwa kongamano. Nimeshamwomba anikumbushe tarehe.

Kesho masomo yanaanza. Jana nilipata sufuria, nikasonga ugali kwa kijiko cha mbao, tukala na yule binti wa Georgia kwa maharage. Alimega matonge vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kwa sasa unanizidi saa moja tu. Tarehe 26 huku wanarudisha saa nyuma, zitakuwa mbili, kwa hiyo ukinipigia saa mbili usiku ya kwenu nitakuwa nimetoka darasani. Nisalimie mama wa uji pale getini, na wenzetu wote wa chumbani mmoja mmoja, kwa majina. Uniandikie walivyoitikia.

Ni mimi,
Somo yako