Maharage ya Kahama na ndoo za Igogo

Mhariri,

Mwezi uliopita dada yangu wa Kahama, mtoto wa mama mkubwa, alikuja kunisalimu, akatuletea maharage, debe zima. Tulifurahi sana. Siku ya nne akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, kwani maharage hamyapendi? Mbona kila siku dagaa?" Nikamwambia tunayapenda, ila wiki hii ndoo ya maji imefika shilingi 400. Hakuelewa maharage na bei ya maji vinahusiana nini. Ilibidi nimwite jikoni nimwonyeshe.

Mimi nauza dagaa Igogo hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe. Nyumbani tuko sita: mimi, binti yangu na wajukuu wanne. Nilichukua jagi la lita mbili nikampimia dada mbele ya macho yake. Kilo moja ya maharage unaiosha, unailoweka usiku kucha, asubuhi unamwaga yale maji, unabandika, halafu unaongeza kila yanapokaribia kukauka. Jagi tano. Hiyo ni nusu ya ndoo ya lita 20 imekwenda kwenye mboga peke yake. Ugali bado, mikono haijanawiwa, sufuria haijaoshwa. Na sisi kwa siku tunanunua ndoo nne.

Dagaa nao wana hesabu yao. Wako walioanikwa kwenye chanja na wako walioanikwa mchangani. Wa chanja wanang'aa, unawaosha maji mawili unabandika. Wa mchangani fungu lao ni nusu ya bei, lakini hao wanataka maji manne, na hata ukiinamisha beseni la nne bado unaona mchanga umetulia chini, mlaini kama unga wa ulezi. Ukiwaharakisha, mtoto anatafuna mchanga, na siku hiyo hamalizi chakula. Kwa hiyo mwenye hela kidogo ananunua dagaa wa bei ndogo, halafu ile nafuu yote anaimwaga kwenye maji ya kuwaoshea.

Naliona hilo mezani kwangu. Maji yakipanda, mama anakuja, anashika fungu la mchangani, analirudisha, anashika la chanja, anahesabu sarafu kiganjani, anasema "nitarudi". Harudi. Jioni nikipita kwake nakuta watoto wanatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa kuwa hayahitaji kupikwa tena. Kliniki wanatufundisha vizuri tuwape watoto kunde, choroko na maharage, nasi tunaitikia kwa moyo wote. Nawaomba na wao, wanapotufundisha, watuulize ndoo ni shilingi ngapi huko tunakotoka.

Siku za mbalamwezi ndiyo mbaya zaidi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na kule Mwaloni, soko letu la samaki, bei inaruka. Mama yangu siku kama hizo alikuwa anapika choroko na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, wala hatukujua kama dagaa wameadimika. Mimi choroko ninazo ndani, naziangalia.

Dada alishangaa zaidi aliposimama mlangoni kwangu akaliona ziwa lote, hadi meli zinazoingia bandarini. Kwake Kahama maji ya ziwa hilihili yanatoka bombani, uani. Yanasukumwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, hapahapa mkoani kwetu, na tangu 2009 Kahama na Shinyanga wanayatumia. Baadaye yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Siwaonei kijicho hata kidogo, maana najua shida waliyoipata wakati wa visima na malambo. Ninachosema ni kwamba maji yaliyoweza kufika Tabora yanaweza kupanda mlima wa Igogo.

Chini barabarani kioski kipo, na ndoo pale ni shilingi 50. Hizo 350 nyingine ni za kupandisha. Mkokoteni hauwezi mawe yetu, kwa hiyo vijana wanabeba kichwani, dumu moja moja, wakipita kwenye vijia ambavyo mvua ikinyesha mtu anatambaa. Siwezi kuwalaumu kwa bei yao. Lakini kioski kinafunguliwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kimeshafungwa, na akina mama wengi saa hizo wako Mwaloni wanaanika dagaa au wako sokoni. Hata mwenye nguvu za kubeba mwenyewe hakikuti wazi. Watoto nao wanashuka ziwani kufua na kuchota. Mjukuu wangu wa pili ameshameza dawa za kichocho mara mbili.

Kwenye mkutano wa mtaa tulisomewa kuwa Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwawekea watu wa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo cha maji kisizidi mita 400. Nyumbani kwangu, kwa watu sita, hizo ni ndoo saba na nusu. Tuko mjini na tunapata nne. Na kuhusu mita 400, naomba anayezipima azipime akiwa na dumu kichwani, akipanda.

Ombi langu ni tangi moja juu ya mlima na vioski viwili vitatu kwenye nusu ya juu, vifunguliwe alfajiri kabla watu hawajatoka. Na huko mialoni, mitumbwi inakoshusha dagaa, chanja ziongezwe, kwa sababu kila dagaa anayeanikwa juu ya mchanga anakuja kunywa maji ya mtu jikoni.

Nimezungumza na wale vijana wanaobeba ndoo, nikidhani watakasirika. Wameniambia wangependa kusimamia vioski huko juu kuliko kuvunja magoti, na kuchimba mtaro wa bomba watachimba wao. Mahali pa kuweka tangi papo pia. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna mwamba mpana, juu uko bapa, watoto wanauchezea mpira.

Wako,
Muuza dagaa,
Igogo, Mwanza