Gari likizama mtoni, msipige stata

Ndugu Mhariri,

Masika ikikolea, mito ya kwetu kama Zigi na Umba hufunika vivuko, na forwili huingia maji hadi kwenye boneti. Kinachoua injini mara nyingi si mto, ni stata inayopigwa baadaye. Maji hayagandamiziki, pistoni ikiyakuta ndani ya silinda, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) inapinda.

Chomoeni waya wa hasi wa betri, kisha fungueni kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, toeni plagi (kwa dizeli, plagi za kupashia moto), zungusheni krenki kwa spana mpaka maji yatoke. Ndipo waya wa betri urudishwe na stata ipigwe kidogo, plagi zikiwa bado nje.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, mwageni, badilisheni na filta. Injini iungurume dakika chache bila kukanyagwa mafuta, kisha mwageni tena. Mara moja haitoshi, hata kama oili ni ghali.

Difu, boksi la gia lililo kwenye ekseli, ndiyo husahaulika. Ikiwa ya moto na ikazama ghafla, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili. Legezeni bolti ya chini: maji ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka. Giaboksi na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma) vivyo hivyo.

Maji ya bahari ni balaa jingine. Osheni gari kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, soketi za umeme zifunguliwe zikauke. Mpira wa presha msiuelekeze kwenye alteneta, ile inayochaji betri.

Mafundi wa gereji,
Tanga