Yule babu wa turubai anaitwa nani? Barua ya wazi kwa vijana wetu wa misheni

Wanangu mliorudi kutoka Kyangwali, kambi ya wakimbizi kule Uganda,

Bwana Yesu asifiwe.

Wiki mbili sasa jambo hili la picha mlizopiga kambini limenikaa kifuani. Ningewaita nyumbani mngekuja, mngenisikiliza kwa adabu, mngeitikia "ndiyo, bibi", na mambo yangeishia kwenye vikombe vya chai. Ndiyo maana naandika, tena waziwazi, kwa kuwa picha zile nazo mlizionyesha mbele ya kanisa zima.

Jumapili ya shukrani nilikaa benchi la tatu. Nilifurahi, siwafichi. Vijana wa Kagera kujichangia nauli, kuvuka mpaka wa Mutukula, kupita Hoima na kuingia makambini kuwahudumia wakimbizi wa Kongo! Enzi zetu misheni ilikuwa kitu cha kutujia. Hatukudhani nasi tunaweza kutumwa. Basi projekta ikawashwa. Picha ya nne ikaleta mzee ameketi mlangoni pa kibanda cha turubai, shati halina vifungo, kiganja kakiweka usoni. Pembeni yake mmoja wenu kachuchumaa, anacheka, kidole gumba juu. Kanisa likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nakitazama kile kiganja. Mtu anayefuta jasho hatandazi vidole namna ile. Yule mzee alikuwa anajificha.

Baada ya ibada nikawauliza anaitwa nani. Mkatazamana. Mmoja akajibu, "Ni yule babu wa turubai, bibi."

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga Ituri, mashariki mwa Kongo, miaka 11, nchi ikiitwa bado Zaire. Wengi mliowakuta kule ni watu wangu, au watoto wao. Mwaka 2018 walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakikimbia kuuawa, na hata hawajapumua, kipindupindu kikawaingilia kambini. Mzee wa umri ule, huko kwao, huenda alikuwa na ng'ombe na shamba, na majirani wakimjia awaamulie ugomvi. Mtu akishapoteza yote hayo, mali inayobaki ni uso wake. Nanyi mkauchukua bila hata kupiga hodi.

Hapa mnivumilie, nitakawia. Nilipokuwa na miaka kama 8, mgeni kutoka ng'ambo alikuja kijijini kwetu na kamera kwenye mfuko wa ngozi. Mama alikuwa anatoka kuchuma kahawa, amejifunga khanga ya shamba iliyochanika, mdogo wangu mgongoni, kamasi zinamtoka. Mama akamwomba kwa ishara aingie ndani kwanza abadili. Alikuwa na gauni la Jumapili, la maua ya bluu, alilikunja ndani ya sanduku la bati. Mgeni akatikisa kichwa, akacheka, akabonyeza. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, mkononi mwangu kikaangukia kijitabu cha kuombea michango. Ukurasa wa katikati alikuwa mama yangu. Chini wameandika kwamba ni mjane asiyejua kesho atakula nini. Baba alikuwa hai! Siku ile alikuwa amepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na mgeni yuleyule mchana ule alikula ndizi na maharage jikoni kwake, akashiba. Kile kijitabu sikumwonyesha mama mpaka anaingia kaburini.

Sasa sisi tuliochukuliwa picha za namna hiyo, tuliojua uchungu wake, tumepata simu tu, tunakwenda kuwafanyia wenzetu yaleyale. Wanangu, kwa nini?

Ila nisiwaonee. Lawama kubwa ni ya sisi wazee. Makanisa yetu siku hizi hayatoi sadaka ya misheni mpaka yaone machozi ukutani. Ripoti isiyo na mtoto anayelia tunaiita kavu. Kamati inauliza picha ziko wapi kabla ya kuuliza watu wanaendeleaje. Mliyafanya yale kwa sababu mlijua ndiyo tutakayoyapigia vigelegele, na kweli tukapiga.

Mnamjua Apolo Kivebulaya kwa jina. Mjueni na kwa kazi. Muganda huyu, mhubiri wa Injili, aliyepewa jina hilo la "kitu cha Ulaya" kwa sababu ya koti jekundu alilokuwa akivaa, aliingia Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa kwa njaa, maana mtawala Tabaro hakutaka walishwe. Apolo aliposikia habari hiyo, alinunua jembe. Fikirini jembe linamfanyia nini mgeni. Mwenye jembe hana budi kuuliza ardhi hii ni ya nani, mvua zinaanza lini, viazi vinakubali wapi. Anakuwa mwanafunzi wa jirani yake kabla hajawa mwalimu wake. Walimchomea nyumba, wakamfunga, akarudi tena. Tabaro yuleyule mwishowe akabatizwa. Naye Apolo akasonga mbele hadi kwa Wambuti wa msituni, watu ambao hata majirani zao waliwadharau. Alikufa mwaka 1933, akiwa ameagiza azikwe akielekea magharibi, kwenye ule msitu, kinyume cha desturi. Nilipofika mimi, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, bado walimtaja kama mtu wa nyumbani.

Nyinyi mlikaa siku 12. Siwadharau kwa hilo, mna masomo na kazi. Lakini siku 12 zinatosha kujua majina.

Mengine nayapitia haraka. Laleni kwenye chandarua, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Mkifika, jiwekeni chini ya mchungaji wa pale. Msiahidi kitu. Hesabu za michango wasomeeni waliopokea pia. Nguo msizirushe kutoka juu ya lori kama mnalisha kuku. Kambini humo kuna mama aliyekopa ili auze mitumba, na siku mliyogawa bure hakuuza hata shati moja. Heri mngejua kuchanganya maji ya kumwokoa anayeharisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, basi. Hayo mngemfundisha mama mmoja, naye angewafundisha wenzake mkiwa mmeshaondoka.

Na lugha. Kwenye video nimewasikia mnacheka mama mmoja aliposema "batoto". Kiswahili kile ni chao, wamezaliwa nacho. Kisamvu wanakiita sombe, mchicha ni lenga-lenga, hela ni franga. Jumamosi njooni kwangu saa tisa, tuanze kujifunza. Aje pia kijana wa kile kidole gumba. Asiogope, simchukii, ni mjukuu wangu kama nyinyi wote, na nitamtengea kiti karibu yangu. Kabla ya kuja, ile picha aifute, aitoe na huko alikoisambaza.

Mmesema Agosti mnarudi. Mkifika, mtafuteni yule mzee. Salimieni kwanza, kaeni chini naye, simu ziacheni kwenye mabegi. Mkijua jina lake, na jina la mkewe, na kijiji walikotoka, yaandikeni kwenye karatasi mniletee. Huenda watoto wao niliwapokea kwa mikono hii.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu