Lalomanu si picha ya kalenda tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Juzi mmeweka picha ya ufukwe wa Lalomanu kule Samoa, kisiwa cha Upolu, mchanga mweupe na kale kakisiwa ka Nu'utele kwa mbele, chini mkaandika eti pepo ya dunia basi. Mimi nimefika pale na Msamoa mmoja ninayefanya naye kazi Auckland, New Zealand, kwa hiyo imeniuma.

Tarehe 29 Septemba 2009, asubuhi kabla hata ya saa moja, ardhi ilitikisika sana, tetemeko la 8.1, zikapita dakika chache tu bahari ikaja. Samoa walikufa watu zaidi ya 140 na huo upande wa Aleipata, iliko Lalomanu, ndo uliumia vibaya mno. Mwenzangu alinionyesha ngazi ya saruji imebaki kwenye nyasi, vidato vitatu, nyumba hakuna.

Wengi walihamia juu mlimani kwenye mashamba yao ya magimbi, na waliweza maana ardhi ni ya ukoo, kule kama asilimia 80 ya ardhi yote ni ya kimila na katiba hairuhusu kuiuza, wanaisimamia matai yaani wakuu wa koo. Halafu ufukweni wakajenga tena zile fale, vibanda visivyo na kuta, mbao chini makuti juu na chandarua, na wenye kijiji wenyewe ndo wanapokea wageni.

Jioni mtu akagonga mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa mtini, hiyo ndo kengele yao, kijiji kizima kikatulia, wanaita sa, muda wa sala, hata mgeni hutakiwi kuzurura barabarani. Ulipogongwa tena ndo tukala palusami, majani ya magimbi kwa tui zito, inakaribia kisamvu cha nazi kabisa.

Sasa mhariri, mkiiweka tena ile picha naomba muandike na hili. Mama mwenye fale, kabla hata hajatuonyesha choo, alituonyesha njia ya kupanda mlimani, akasema ardhi ikitikisika sana msisubiri mtu awaambie. Sisi mwaka 2004 wimbi lilitoka Sumatra huko Indonesia mpaka Tanzania na watu wakafa, tetemeko lenyewe hatukulisikia. Wanangu wako Tanga, nimewapigia nikawaambia maji yakijivuta ghafla wasishuke kuokota samaki, wakimbie.

Msomaji wenu, Auckland