Wauza magari, andikeni kama gari lina tairi la spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauza magari, pamoja na yeyote anayejiandaa kununua gari lililotumika kutoka Japani. Ingia yadi yoyote ya Dar es Salaam leo, inua kapeti la buti la Honda Fit, Mazda Demio au Nissan Note ya miaka ya karibuni. Mara nyingi hutakuta tairi pale. Utakuta sponji lililokatwa vizuri, na ndani yake kikompresa kidogo na chupa ya gundi. Ukiuliza spea iko wapi, unajibiwa kwa kujiamini kwamba spea zimepitwa na wakati, magari ya kisasa yanajiziba yenyewe.

Hayajizibi. Ile chupa ina majimaji yenye utomvu wa mpira. Unayasukuma ndani ya tairi kupitia pentili, pale pa kujazia upepo, kwa kompresa unayoichomeka kwenye soketi ya kiberiti, kisha unaondoka taratibu ili majimaji yasambae, yalifikie tundu na kulifunga. Baada ya kilomita chache unasimama, unapima upepo, unaongeza kama umepungua, halafu unaendelea bila kuzidi spidi 80 mpaka kwa fundi. Kwa msumari uliochoma katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, na kuacha tundu la kama milimita nne, kifaa hiki kinafanya kazi vizuri, na mtu hapigi magoti pembeni ya lami wala kuchafua shati. Sikibezi. Lakini ubavu ukichanika, tairi likibasti, au rimu ikipinda kwa kuingia shimoni, chupa hiyo haina msaada wowote. Majimaji yatamwagika chini na wewe utabaki ulipo.

Wajapani hawakuondoa spea kwa ujinga. Tairi, jeki na spana ni uzito unaobebwa kila siku bila kazi. Ukiutoa, gari linakuwa jepesi, mafuta yanapungua kidogo na buti linapata nafasi, hasa kwenye haibridi ambazo betri yake nayo inataka pa kukaa. Kule dereva akikwama anawapigia simu JAF, shirikisho la wenye magari, na gari la msaada linakuja. Hapa kwetu gari la msaada ni kijana mwenye bodaboda atakayekubali kubeba tairi lako begani kwenda kijiji kinachofuata.

Tuseme hata barabara zetu ni nzuri, maana siku hizi nyingi ni nzuri kweli. Bado kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa yadi. Ile gundi ina tarehe ya kwisha muda, imeandikwa kwenye chupa. Nyingi hupewa miaka minne au mitano tu. Sasa piga hesabu. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limezidi miaka minane, na waagizaji wengi huko huchukua lililo karibu na ukomo huo kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Sisi Tanzania hatukuzuia, tunaongeza ushuru wa uchakavu basi, kwa hiyo gari la miaka kumi na zaidi ni jambo la kawaida pale bandarini. Maana yake, labda mwenye gari wa kwanza awe aliibadilisha chupa mwenyewe, gundi unayouziwa kama kifaa cha dharura ilikwisha muda wake kabla meli haijang'oa nanga. Na hapo nimechukulia kwamba chupa na kompresa vimefika. Wanunuzi wengi wanajua jinsi vitu vidogo vya kwenye buti vinavyopungukia njiani.

Nimeendesha magari ya abiria njia ya Mbeya kwa miaka mingi, na kilichokuwa kikinitoboa zaidi si misumari. Ni kingo za lami zilizolika, ambazo zinachana ubavu unapolazimika kumpisha lori. Ni nyuzi za chuma kutoka kwenye vipande vya matairi ya malori yaliyobasti, vilivyoachwa vimelala barabarani. Ni mawe ambayo mtu aliyaweka nyuma ya gurudumu la gari bovu kisha akaondoka bila kuyatoa. Katika yote hayo, gundi inafaa kwa zile nyuzi tu, tena kama hazijaingia ubavuni.

Pale Mikumi barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50. Kushuka garini hairuhusiwi, na mwenye akili timamu hahitaji kibao kumkumbusha. Hapo nampa kompresa haki yake: tairi likianza kupungua pole pole, kuongeza upepo na kusonga mpaka geti ni afadhali kuliko kuchuchumaa na jeki huku nyati wanakutazama. Ndiyo maana gari langu lina vyote viwili, spea na kompresa. Kompresa ya kawaida, bila gundi, pamoja na vile vikamba vya kuzibia tyublesi ambavyo fundi pancha yeyote anavyo. Kikamba nacho ni cha muda, na nacho hakifai ubavuni, ila hakiozi kwenye chupa na hakichafui tairi. Mafundi pancha ninaowafahamu wanaichukia gundi. Wakilivua tairi, majimaji meupe yanawarukia, inabidi walioshe ndani kwanza ndipo wabandike kiraka. Kama umeitumia, mwambie fundi mapema, usimwache agundue kwa shati lake.

Dar es Salaam kuna sababu nyingine ya spea kupotea, nayo haina uhusiano na Wajapani. Madereva wengi wa teksi za mtandaoni wamefunga mfumo wa gesi asilia, na mtungi unakaa kwenye buti. Gesi imewapunguzia sana gharama, siwalaumu. Lakini kuna waliofungiwa mtungi juu kabisa ya shimo la spea, kiasi kwamba kulitoa tairi kunataka spana na mtu wa pili, na wengine wameiacha spea nyumbani. Kwa anayezunguka Sinza na Kinondoni, haidhuru. Kila kona kuna tairi kuukuu lililosimamishwa na kuandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe. Shida ni siku anapopata abiria wa kwenda Dodoma na kukubali safari bila kufikiria buti lake lina nini.

Na walio na spea wasijione wameokoka. Kile kitairi chembamba kinachokuja na magari mengi madogo kinataka upepo wa 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na nimeona wengi wakikijaza 32 kama mengine halafu wanashangaa kinabonyea. Nacho mwisho wake ni spidi 80, ambayo kwa vibao vya 50 tulivyonavyo kila kijiji si adhabu kubwa. Kama gari linavuta kwa mbele na pancha ni ya mbele, chukua tairi zima la nyuma ulilete mbele, kitairi kikae nyuma. Ni kazi ya dakika kadhaa zaidi, lakini gia boksi yako itakushukuru. Halafu angalia umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2312 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira unazeeka hata ukilala gizani bila kukanyaga barabara, na watengenezaji wanashauri tairi lisivuke miaka kumi hata kama kashata bado imejaa. Spea ya gari la 2012 ambayo haijawahi kuguswa inaonekana mpya. Si mpya.

Kwa aliyekwisha nunua gari lisilo na spea, Kariakoo rimu zipo. Usinunue kwa kuhesabu matundu ya nati peke yake. Vitz ina matundu manne na Fit ina matundu manne, umbali kati ya tundu na tundu ni uleule, lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54 na kitovu cha Honda ni 56, kwa hiyo rimu ya Vitz haikai kwenye Fit. Spana nazo zinatofautiana: nati za Toyota ni namba 21, za Honda ni 19. Nenda na gari lenyewe, wafunge rimu mbele yako, izungushe kwa mkono. Nunua na jeki, na kipande cha ubao cha kuweka chini yake kwenye mchanga. Na pembetatu za kuakisi, tafadhali, ili tuache kukata matawi ya watu kila gari linapoharibika.

Ninachoomba kwa wauzaji ni kidogo. Matangazo yenu yanataja rimu za spoti, kamera ya nyuma, redio, hata harufu ya viti. Chini ya hapo ongezeni mstari mmoja: spea ipo au haipo, jeki ipo au haipo, na kama kuna chupa, inaisha muda lini. Anayeendesha mjini tu atanunua vilevile. Anayelipeleka gari Songea atajua aongeze bei ya tairi kwenye bajeti yake kabla hajalipa. Mpaka mstari huo uanze kuonekana, mnunuzi washa tochi ya simu, inua kapeti la buti, usome chupa mwenyewe ukiwa bado yadi, hela zikiwa bado zako.

Wako msomaji,
Dereva mstaafu wa abiria,
Morogoro