Soketi Tupu Ndani ya Desktopu Yako Ushazilipia, Zitumie

Wateja wengi wakileta desktopu inayojivuta wanakuja wameshaamua kabisa kwamba wanataka mashine nyingine. Sisi mafundi kabla ya kuongea bei tunafungua kava kwanza tuone ndani kuna nini, na hizi used za maofisini zilizojaa mjini, mfano Dell OptiPlex 7010, mara nyingi tunakuta soketi hazijaguswa tangu zitoke kiwandani, hadi diski (hard disk) imechukua SATA moja, yaani soketi ya kuchomekea diski, DVD imechukua nyingine, zilizobaki zina vumbi tu.

Hapo pa kuanzia ni SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na hatubishani na mtu kwenye hili. Unafunga SSD iendeshe Windows, ile hadi diski ya zamani unaiacha palepale ikae na picha, miziki na mafaili ya ofisi, hutupi kitu. Ila angalia unachomeka wapi, maana kwenye 7010 chipset yake ya Q77, yaani chipu inayosimamia soketi hizo, inatoa SATA 2 tu za 6Gb/s, zingine zote ni 3Gb/s. SSD nzuri inasoma hadi kama 550MB kwa sekunde, ukiichomeka kwenye ya 3Gb/s inaishia chini ya 300, wakati hadi diski yenyewe hata 200 haifiki kwa hiyo ukiihamishia kwenye soketi ya taratibu haipotezi chochote. Tunakutana sana na mashine ambazo fundi kafunga SSD vizuri kabisa lakini hadi diski ndo kaiachia soketi ya kasi. Na kama hutumii DVD, na siku hizi nani anatumia, waya zake za data na umeme mara nyingi zinatosha kufungia SSD.

Kuhusu umeme, tafadhali sana, zile adapta za kugeuza Molex (plagi ya umeme ya zamani yenye pini 4) kwenda SATA ambazo plastiki yake imemiminwa moja kwa moja juu ya waya hatufungi hata mteja akija nayo mkononi, ndani waya zinaweza kugusana na zikaungua, na hapo unapoteza data zote kwa kitu cha bei ya soda.

Kingine ni zile sloti za PCIe, za kuchomekea kadi za ziada; x1, x4 na x16 ni saizi zake, x1 ndo fupi kuliko zote. Kadi ya Wi-Fi ya x1 inaingia kwenye x1, x4 au hata x16, usihangaike kutafuta sloti inayolingana nayo urefu. Halafu kuna lalamiko tunalisikia kila mara, "Wi-Fi inashika ila Bluetooth haionekani kabisa." Kadi haijafa boss. Kadi nyingi za hivyo Wi-Fi inapita kwenye PCIe lakini Bluetooth inapita USB, ndo maana kwenye boksi kunakuwa na kawaya kembamba ka kuchomeka kwenye zile pini 9 za USB juu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), watu wengi wanakaacha kwenye boksi. Pini za aina hiyohiyo, kama hujazitumia kwa Bluetooth, ukifungia breketi ya USB zinakupa matundu mawili ya USB 2.0 kwa nyuma, kwa mwenye duka anayetumia skana ya barcode, printa ya risiti na kibodi kwa pamoja ni msaada mkubwa. Ila pini za COM (za vifaa vya zamani vya serial) zinafanana sana na za USB, soma maandishi kwenye bodi kabla hujachomeka.

Kwa wenye studio wanaotaka diski ya pili ya kutunzia kazi za wateja, tutakufungia, ila bado weka kopi nyingine nje ya hiyo kompyuta, umeme ukipiga au mashine ikiibiwa diski zote mbili zinaenda pamoja.

Kama uko mbali piga picha ya mazabodi kava likiwa wazi, waya ya umeme ukiwa umeichomoa, piga na lebo ya pawa saplai, tutumie WhatsApp tukwambie kilichopo na kinachofaa kufungwa.